Ardith na Ghuba ya Panapotulia

Kwetu, mtu akianguka majini mbele za watu, mambo hayaishii kwenye kubadilisha nguo. Lazima aoshe. Anawaita watu ukumbini, anawalisha, anawagawia vitu, anawashukuru waliomvuta, na ndugu zake wanasimama nyuma yake wakisema huyu ni nani na anatoka sehemu gani ya mkono huu wa bahari. Akishaosha, hakuna mwenye ruhusa ya kumcheka tena kwa kuanguka kule. Asipoosha, atachekwa yeye, na wajukuu zake watachekwa pia.

Na katika kijiji chetu chote hakuna aliyejua kucheka watu kama Ardith.

Alikuwa mwendesha boti. Sisi hatuna barabara. Milima imeshuka wima mpaka majini, theluji juu, misonobari katikati, mawe chini, na anayetaka kwenda kliniki, dukani au kule juu mtoni tunakovua, anapanda boti ya kijiji. Nyuma ya usukani utamkuta Ardith, mwanamke mnene, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, mdomo hauna breki. Teleza gatini ulowe hata goti moja tu, utamsikia: "Maji yameonja mtu! Tayarisheni miguu, soksi zinakuja!" Maana wengi wetu tukiosha hugawa soksi, na taulo, na mabeseni ya plastiki.

Mjomba wangu Cyril alianguka mwaka mmoja akiwa na ndoo ya kaa mkononi, mbele ya harusi nzima. Akaosha kwa heshima zote, kila mtu akapata soksi. Haikupita wiki, Ardith akasimamisha boti mbele ya nyumba yake, akainua mguu juu ya ukingo na kupaza sauti.

"Cyril! Soksi yako imeshatoboka! Tazama kidole gumba kinavyokusalimia!"

"Nimeshaosha, Ardith. Huna ruhusa ya kunicheka."

"Nani anakucheka kwa kuanguka? Hayo yamekwisha. Mimi nacheka soksi."

Mjomba akafunga dirisha. Tulicheka siku nzima, na yeye mwenyewe ndani nadhani alicheka, ila hakutaka aonekane.

Wale wawili walikuwa na lao. Katikati ya mkono wetu wa bahari, kushoto ukielekea mtoni, iko ghuba ambayo jina lake kwa lugha yetu lina maana ya Panapotulia. Upepo ukichachamaa nje, mle ndani maji yamelala. Kuna matufaha pori ukingoni, kuna kijito, na kila majira ya kuchipua samaki wa heringi huingia mle kutaga mpaka maji yanakuwa meupe kama maziwa. Kila sehemu ya pwani yetu ina nyumba yake, yaani ukoo wake, na ghuba ile ilikuwa ya nyumba ya bibi yake Ardith. Lakini nyumba ile ilikwisha. Ndui ilianza, mengine yakamalizia, na chifu wake wa mwisho alipokufa hakuna aliyesimama ukumbini kulipokea jina lake. Ndipo sisi, watu wa nyumba ya Mjomba Cyril, tukawa tunachuma matufaha pale na kuzamisha pale matawi yetu ya kutagiwa na heringi. Babu yangu alijenga hata kibanda. Tuliiona ghuba ile kama yetu, na sitasema uongo, tuliipenda.

Ardith hakuwepo wakati huo. Serikali ilimchukua akiwa na miaka minne, yeye na watoto wengine wa pwani hii, ikawagawa kwa familia za mbali. Yeye alilelewa kwenye mashamba ya ngano ya bara, nchi tambarare ambayo mtu anaweza kumwona mgeni wake tangu asubuhi, akifika jioni. Waliomlea hawakumtesa, alisema, ila hawakumwambia anatoka wapi. Alijitafuta mwenyewe. Alipofika kwetu kwa meli ya mizigo alikuwa mwanamke mzima, na mkoba mmoja, na mama yake alikuwa ameshazikwa miaka miwili kabla. Alimkuta kaburini.

Mtu mwingine angegeuka na meli ileile. Ardith alibaki. Alijifunza boti kwa mzee mmoja aliyekuwa kiziwi, ndiyo maana anaongea kwa kupayuka mpaka leo. Akaanza kutubeba. Alibeba watoto wa shule, manesi, majeneza, magunia ya unga, na keki ya harusi ambayo aliifunga mkanda wa kujiokolea vizuri kuliko bibi harusi. Mwanangu wa pili alizaliwa kwenye boti yake, katikati ya dhoruba ya Novemba, kabla hatujaifikia kliniki. Aliingiza boti Panapotulia, akazima injini, akanawa mikono kwa chai ya chupa yake mwenyewe, akampokea mtoto. "Usinipigie kelele," aliniambia, "kelele ni kazi yangu." Kila nikimtazama yule kijana wangu nashukuru, na nitashukuru mpaka niingie kaburini.

Lakini angalia jambo hili. Aliporudi, hakuna nyumba iliyomwandalia karamu ya kumpokea. Hakuna aliyesimama ukumbini akasema, huyu ni wetu, anatoka mahali fulani. Kila mtu alijua kwamba bibi yake na bibi mzaa baba wa Mjomba Cyril walikuwa mtu na dada yake. Walijua jikoni, walijua gatini. Ila kwetu jambo lisilosemwa ukumbini mbele ya mashahidi halijasemwa, na lile halikusemwa kwa sababu lingegusa ghuba. Hivyo Ardith akawa mpendwa wa wote na si ndugu wa mtu yeyote. Kila mwaka alikuja Panapotulia na kiboti chake kidogo cha bati kuzamisha mti wake karibu na yetu, na kila mwaka yeye na Mjomba walizozana.

"Hapa ni kwa bibi yangu!"

"Bibi yako nani anamjua? Nitajie mtu mwingine wa nyumba hiyo, nitoke."

Alikuwa hawezi kutaja mtu. Akafunga tu kamba yake.

Basi mwaka ule heringi walikuja kwa wingi ambao hatukuuona tangu niko msichana. Sisi tunakata misonobari midogo, tunaifunga mawe na boya, tunaizamisha, samaki wanataga kwenye matawi. Ukivuta, kila tawi limevikwa mayai meupe, tabaka juu ya tabaka. Ila lazima uvute mapema. Ukisubiri sana tawi linakuwa zito kupita kiasi, na hapo mwenye akili hukata kamba, akachukua anachoweza. Ardith hakuzamisha mti mdogo. Alizamisha mti mzima, mrefu kuliko kiboti chake, kisha akaongeza siku mbili juu ya zetu ili apate tabaka nene. Tamaa? Mimi nadhani hapana. Alitaka Mjomba Cyril aone ghuba inavyompa mwenye nayo.

Asubuhi aliyovuta, boti zilikuwa nyingi mle ndani. Mimi nilikuwa kwenye boti ya Mjomba pamoja na kaka yangu Gordon. Tulimwona ameegemea upande mmoja, kamba mabegani, mti unapanda polepole, mweupe kama nguo ya kanisani. Ukingo wa kiboti ukashuka mpaka sawa na maji.

"Kata kamba, Ardith!" Mjomba alipiga kelele.

"Kata yako!"

"Nasema kata, utazama!"

"Huu ni mti wa bibi yangu! Siuach..."

Kiboti kikageuka taratibu kabisa, hakikuwa hata na haraka. Miguu yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kuonekana.

Maji yetu ya majira yale hayasamehe. Mtu ana dakika chache za kutumia mikono yake, baada ya hapo ni mzigo. Mjomba alikuwa ameshawasha injini kabla mimi sijafunga mdomo. Gordon akamnasa kwa ndoana ya boti, kwenye kola ya koti la kujiokolea, tukamvuta sote watatu kama tunavuta halibati, yule samaki bapa mkubwa. Midomo ilikuwa ya bluu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mti uko wapi?"

Mti ulikuwa chini, na mayai yake yote.

Boti nyingine zote zilikuwa zimesimama zikitutazama. Kisha redioni tukasikia sauti ya mama yangu, Hazel, aliyekuwa ufukweni na redio ya mkononi: "Mwosha huoshwa. Mimi navaa namba thelathini na tisa." Ghuba nzima ikaangua kicheko, honi za boti zikapigwa. Mjomba Cyril peke yake hakucheka. Alivua koti lake, akamvika Ardith, akamfunga vifungo mpaka shingoni kama mtoto anayekwenda shule.

Tangu siku ile Ardith akanyamaza. Aliendesha boti, akapokea mizigo, "asante, karibu," basi. Watoto waliteleza gatini makusudi ili awapigie kelele, hakuwapigia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, tukawa tunaogopa. Nikambebea supu ya samaki nyumbani kwake nikaone.

Sebule ilikuwa haina pa kukanyaga. Taulo zimepangwa mpaka dirishani, mabeseni, magunia ya unga na sukari, mitungi ya samaki, soksi nene za sufu za kutosha vijiji viwili, na juu ya kiti, peke yake, blanketi kubwa jekundu lenye vifungo vya lulu, ambalo alikuwa ameshona usiku na mchana.

"Hilo la mjomba wako," alisema. "Yeye ndiye aliyenivuta."

"Umejitahidi, Shangazi. Karamu itapendeza."

"Vitu ninavyo, Noreen. Watu ndio sina." Alikaa juu ya gunia la unga. "Nitasimama pale mbele, waseme, nani anasimama na huyu? Nyuma yangu kuna nani? Friji?"

Nilicheka, maana alisema kwa sauti yake ileile ya zamani, kisha nikaona hachekeshi.

"Bila watu nyuma yako siyo kuosha," alisema. "Ni mnada. Nitakuwa nimewauzia watu taulo bure. Na nitabaki na maji yangu mwilini mpaka nife. Mimi nimewacheka watu wote hawa kwa sababu kila mmoja alikuwa na nyumba ya kumwosha. Unafikiri nilikuwa nacheka nini? Nilikuwa naona wivu."

Mtu mmoja hawezi kusimama kwa ajili ya nyumba, nyumba ndiyo husimama. Niliondoka pale moja kwa moja mpaka kwa mama, nikamkuta Mjomba Cyril anakunywa chai, nikayamwaga yote mezani.

Mjomba alizungusha kikombe muda mrefu.

"Atasema anatoka Panapotulia," alisema. "Hana kwingine kwa kutaja. Mimi nikipinga, nimemwaibisha mtu niliyemtoa majini. Nikinyamaza, anabaki peke yake pale mbele."

"Na ukisimama naye?" mama aliuliza.

"Nikisimama naye mbele ya mashahidi, nimesema ghuba ina mwenyewe. Imekwenda, Hazel. Matufaha, matawi, kibanda cha baba. Hata watoto wako wataingia pale kwa kuomba."

"Najua."

"Unajua, unajua! Baba aliniambia nisiiache ile ghuba!"

"Baba alikuambia uitunze," mama alisema. "Nilikuwepo, nilikuwa nasuka kikapu. Ongeza chai."

Hakuongeza chai. Alivaa kofia akatoka, na wiki nzima hakumwambia mtu atafanya nini.

Siku ya karamu ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Walikuja hata watu wa kijiji kilicho mdomoni mwa mkono wetu wa bahari kwa boti zao. Sisi, kwa kuwa ndio tuliovuta, tuliwekwa viti vya mbele upande wa wageni, blanketi jekundu likiwa limekunjwa mezani mkabala na Mjomba. Chakula kilikuwa kingi. Supu, samaki wa moshi, viazi, mayai ya heringi aliyopewa na huyu na yule, mafuta ya samaki kwenye bakuli. Tulikula, na hakuna aliyeonja utamu, maana macho yote yalikuwa kwenye ile nafasi tupu iliyokuwa mbele.

Ardith akaenda kusimama pale. Peke yake. Alikuwa amevua kofia, na ndipo nilipogundua nywele zake zote zimekuwa nyeupe. Nyuma yake ulikuwapo ukuta na mlango wa jikoni.

"Maji yaliniangusha," alianza, na sauti ile iliyokuwa inavuka ghuba haikufika hata kwenye mstari wa tatu. "Nimekuja kuosha. Jina langu Ardith. Bibi yangu alitoka Panapotulia." Akageuka kidogo, akautazama ukuta. "Ninao... Ndugu zangu..."

Akakwama hapo. Ukumbi mzima ulitazama chini. Ninyi mnaosoma, kama hamjawahi kusikia watu mia mbili wakitazama viatu vyao, namwomba Mungu awaepushe.

Kiti cha Mjomba kikakwaruza sakafu. Alisimama, na kuna watu walishusha pumzi, wakidhani anakwenda kupinga. Alivuka uwanja wa ukumbi bila haraka, goti lake bovu likimvuta upande. Hakumtazama Ardith. Alikwenda akasimama nyuma yake, akageuka, akatukabili.

"Mashahidi," alisema, "mmekula, sasa sikieni. Bibi mzaa baba yangu alitoka Panapotulia. Dada yake mkubwa ndiye bibi wa huyu. Mlikuwa mnajua. Mimi nilikuwa najua kuliko ninyi nyote. Ghuba ile nimeikalia kwa sababu hapakuwa na mtu, na alipokuja mtu niliendelea kuikalia. Leo natoka. Mwenyewe ni huyu hapa. Hii nyumba haikufa, ilichukuliwa ikiwa na miaka minne, ikapelekwa kwenye ngano."

Mama yangu alikuwa ameshasimama. Akafuata Gordon, nami nikafuata, na watoto wetu, na wake na waume, mpaka viti vya mbele vyote vikabaki vitupu na nyuma ya Ardith pakawa hapana nafasi ya kuweka mguu. Nilisimama karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Ikabaki shida moja. Ardith alichukua blanketi, akamgeukia Mjomba, amshukuru kwa kumtoa majini.

"Weka hapo," Mjomba alisema.

"Ulinivuta, Cyril. Lazima nikushukuru."

"Niko upande wako wa ukumbi, hunioni? Mtu hamshukuru nduguye kwa kumvuta majini. Anamwambia tu, siku nyingine ukiambiwa kata kamba, kata kamba."

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka, wakapiga mbao za sakafu kwa miguu, na Ardith akacheka kwa sauti yake yenyewe, ile inayovuka maji, ambayo tulikuwa hatujaisikia tangu heringi. Blanketi likabidi litafutiwe mtu. Tulimpa mgeni mzee kuliko wote, ambaye alikuwa amesinzia tangu supu. Aliamka akajikuta mwekundu, akasema asante bila kuuliza.

Soksi ziligawiwa, na zilikuwa nzuri, lazima niseme haki. Watu waliondoka usiku na mabeseni vichwani, wakiimba kwenye boti.

Asubuhi yake mama na mimi tulikuwa jikoni mwa ukumbi tunakabiliana na vyombo. Mama akatazama saa, akachukua simu.

"Uko wapi? ... Umelala? Masufuria yamejaa mpaka mlangoni wewe umelala? Kwani wewe mgeni?"

Ardith alifika kofia imegeuka, viatu havijafungwa. Alikunja mikono ya sweta, akashika sufuria la kwanza, akaanza kusugua, na baada ya muda nikaona mabega yanamcheza. Machozi yalikuwa yanadondoka ndani ya povu.

"Sasa unalia nini?" mama alimuuliza.

"Miaka yote hii nimekula kwenye ukumbi huu, Hazel. Kila nikinyanyuka nisaidie kuosha vyombo mlikuwa mnaniambia, kaa, Ardith, kaa, wewe ni mgeni wetu."

Mama akaweka kitambaa chini. Kisha akaliburuta lile sufuria kubwa la supu, lililoungua chini, akamwekea mbele yake.